Damu ya Uzi na Damu ya Pipa

9 Februari

Dada yangu,

Mimi mzima, lifti ndizo zinazoumwa. Hospitali hii ina lifti nne na kila moja ina tabia yake, utadhani hazikutoka kiwanda kimoja. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unaongea na pini mdomoni, na mimi nikiwa ndani ya shimo la lifti sipati mtandao. Tena kwenye barua huwezi kunikatiza.

Wiki iliyopita daktari mmoja alikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Nilishuka kwa juu, nikafungua kifuniko cha dari, akauona mguu wangu umetangulia. Akaniuliza kwa adabu kama kamba zitatuhimili sote wawili. Nikamwambia kila nikimaliza kutengeneza lifti huwa naipanda mimi kwanza, ikinibeba mimi itambeba yeyote. Akacheka mpaka hofu ikamtoka.

Wakati naishusha kwa mkono, taratibu, tukapiga soga. Kumbe ni daktari wa mambo ya kurithi, anachunguza jeni. Anasema jeni ni maagizo ambayo mwili unajengwa nayo, na hata ndugu wa tumbo moja maagizo yao hayafanani herufi kwa herufi. Kuna tofauti ndogondogo nyingi mno, na kila moja inamsukuma mtu kidogo: huyu njaa yake haizimiki upesi, yule akila matonge mawili kashiba. Nikamwambia mimi na dada yangu mtaani tulikuwa tunaitwa Uzi na Pipa, na Uzi si mimi. Akanishika mkono. Anasema anatafuta ndugu wa namna hiyo hiyo, mmoja mwembamba na mmoja mnene, waliolelewa kwa sufuria moja.

Damu yangu nimeshatoa. Naomba na wewe utoe, zahanati ya hapo karibu nawe wameandikiwa, wataituma. Nenda asubuhi bila kula kitu.

Usinicheke. Tangu nikiwa mdogo naambiwa ninajichimbia kaburi kwa kijiko. Nimejinyima, nimekimbia, nimekunywa maji ya kila jani, na bado natoka jasho nikipanda ngazi moja. Kama kuna kitu ndani yangu kinachoniua, nataka nikijue kwa jina lake.

Mdogo wako,
Pipa

21 Februari

Mdogo wangu,

Nimetoa. Nimefunga duka asubuhi nzima kwa ajili yako, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi yake ameninunia mpaka leo.

Nimefurahi kwamba hatimaye umepata daktari wa kukuchunguza kwa makini. Nimekuwa nikikuambia miaka yote hii. Lakini usije ukamsikiliza hayo mambo ya jeni halafu ukapata kisingizio cha kumaliza mkate peke yako. Kurithi ni kurithi, na mdomo ni mdomo. Baba alikuwa na mwili kama wako, ndiyo, lakini Baba naye alikuwa haambiliki mezani.

Nesi aliyenitoa damu ni mtu wa ajabu. Aliinua kichupa dirishani, akakitikisa, akaniuliza nimekunywa maziwa mangapi. Nikamwambia hata maji sijanywa, na koo limenikauka, maana siku hizi nina kiu isiyoisha. Ni vumbi la vitambaa. Akaandika kitu kwenye kichupa.

Kazi ipo. Wanawake wanaingia, wananitazama nilivyovaa, wanasema nishonee, inikae kama inavyokukaa wewe. Mwili huu ndio kibao cha duka langu. Ningekuwa na umbo la watu wengine ninaowajua, ningeshona mapazia.

Mpwa wako anakimbia tena mashindano ya shule. Miguu yake imejaa mishipa kama ya mwanamume mbeba mizigo, nami nilikuwa hivyo hivyo katika umri wake. Anakusalimu, anauliza lini utampandisha juu ya lifti.

Kula mboga.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Mboga nakula, mpaka meno yana rangi yake.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Daktari wangu amebadilika. Mwanzoni tukikutana alikuwa ananitania, ananiuliza lifti yake mpendwa inaendeleaje. Sasa akiniona anakuwa mpole kupita kiasi, upole ule wa watu wanaokuja msibani. Juzi aliniita chumbani kwake, akanipa chai, akaniuliza juu ya Mama. Alikufa akiwa na umri gani, alikuwa na umbo gani, aliumwa nini. Nikamwambia nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni mikono yake myembamba na kwamba aliumwa tumbo siku moja tu. Akaandika. Nikamwuliza majibu yangu yako wapi. Akasema bado anayapitia yote pamoja, na kwamba kila mtu atapewa ya kwake, yeye mwenyewe, ndio utaratibu.

Mtu mwenye habari njema hana utaratibu, Dada. Habari njema hutoka zenyewe.

Nadhani wameona kitu kwangu. Je, wamekupigia? Kama wamekupigia wakakuambia ukae kimya kwa ajili yangu, naomba usikae. Nakujua. Hata Baba alipokuwa mgonjwa uliniambia ana mafua.

Pipa

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna aliyeniambia kitu juu yako.

Nimefunga duka kidogo, kuna mambo ya kupanga. Usiniandikie tena habari za damu, zinanichosha. Jitunze. Vaa viatu vizuri kazini.

Dada

13 Aprili

Dada,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeisoma na kuigeuza nyuma nikatafuta mengine. Hukunisema, hukuniambia nile nini, hukutaja hata mteja mmoja. Ndipo nikajua nakufa.

Acha nikueleze nilichofanya, utanigombeza baadaye. Niliacha kula. Nilisema kama ni mwili huu, basi nitaupunguza kabla haujanipunguza mimi. Siku ya tatu nilikuwa juu ya lifti ya wodi ya wazazi nikipaka kamba grisi, nikaona taa zinacheza, nikaanguka pale pale juu ya paa lake. Mwenzangu alikuwa ameshazima umeme, ndiyo salama yangu. Walinitoa watu sita, na mmoja wao amepata udhuru wa mgongo wa wiki nzima.

Nilipofumbua macho, daktari amekaa kitandani kwangu, amekasirika. Akaniuliza nani kanituma kujiua kwa njaa. Nikamwambia, wewe na upole wako. Nikamwambia najua nina kitu na dada yangu anajua, na sitaki tena chai.

Akaenda akaleta majibu yangu, akanisomea mstari kwa mstari. Sukari yangu iko sawa. Mafuta yangu ya damu yako sawa. Ini halina neno. Ni kweli nimerithi tofauti nyingi zinazoongeza njaa na uzito, amesema mimi napigana na njaa ambayo yeye haijui hata kwa jina, na kwamba haikuwa uvivu. Haikuwa uvivu, Dada. Alilisema mara moja tu, kama mtu anayesoma joto la siku, nami nikageukia ukutani. Halafu akasema mwili wangu una kipaji kimoja: unajua kuweka mafuta mahali pake, chini ya ngozi, yasiende kusumbua penginepo. Si ruhusa ya kula ovyo, magoti yangu yatanidai na umri bado unakuja. Lakini leo hii mimi ni mzima.

Nililala pale nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika.

Kwa sababu upole ule ulikuwa wa kweli. Sura ile ya msibani ilikuwa ya kweli. Na kama haikuwa kwa ajili yangu, ilikuwa kwa ajili ya nani? Nikamwuliza. Akasema habari za mtu mwingine hawezi kunipa, hata kama ni damu yangu. Akaniambia, "Mwandikie dada yako."

Basi nimekuandikia. Ni wewe, siyo?

Pipa

22 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Ni mimi.

Nesi yule hakuwa mtu wa ajabu. Damu yangu ilipotulia kwenye kichupa, nusu yake ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ni mafuta. Mimi, ninayekula kama ndege, nina mafuta kwenye damu kuliko mtu yeyote ambaye maabara ile imewahi kumpima, na nina kisukari, na ini langu limenenepa badala yangu. Daktari wako alinipigia mwezi wa tatu. Nikamwambia amekosea vichupa, hivyo ni vya mdogo wangu. Akanijibu kwa upole kwamba hakukosea.

Halafu tumbo likanishika. Ndipo nilipokuambia nimefunga duka nipange mambo. Nilikuwa nimelala hospitali ya hapa, maumivu yanatoka mbele yanapita mgongoni, natapika, sijui mchana wala usiku. Wakasema kongosho limevimba kwa sababu ya mafuta ya damu, na kwamba nilifika kwa wakati kwa kuwa walikuwa wameshaandikiwa habari zangu. Bila ile damu niliyotoa kwa ajili yako, wangenipa dawa ya kiungulia wakanirudisha nyumbani.

Daktari amenieleza hivi. Kuna jeni moja ambayo kwangu ina herufi moja iliyokosewa. Kwa sababu hiyo mwili wangu hauna pa kuhifadhi mafuta chini ya ngozi, mikononi na miguuni. Mimi nikamweleza kwa lugha yangu: ni kama nyumba yenye kabati dogo, nguo zinaishia kwenye viti, kitandani, mlangoni. Akasema ndivyo. Kabati lako wewe ni kubwa. Langu halikujengwa. Na watu wameingia dukani kwangu miaka yote hii wakisifu nyumba isiyo na kabati.

Unaniuliza kimoyomoyo kwa nini nilikuficha. Niliona aibu, nilivyokusema sana. Na niliogopa kwa ajili ya binti yangu, maana mzazi akiwa na kosa hilo, uwezekano wa kila mtoto kulirithi ni nusu kwa nusu. Kila nikitazama miguu yake na ile mishipa ninayoisifia, nageukia cherehani.

Na kuna la tatu. Daktari alinisomea maumivu ya ugonjwa huu kabla hayajanipata, nami niliyatambua. Niliyaona. Nilikuwa nimeshika beseni.

Wewe ulikuwa mdogo, uliambiwa Mama aliugua tumbo. Hukuambiwa yaliyosemwa nyuma ya mlango. Siku ile dada yake Baba, Shangazi yetu, alikuja kututembelea akampikia Mama viazi vya kukaanga na mayai, kwa kuwa Mama alikuwa na hamu navyo. Jioni Mama akaanza kujikunja, na kesho yake hakuwapo. Wajomba wakasema katiwa sumu. Hakuna aliyempeleka polisi na hakuna aliyemwita kwenye mazishi. Baba hakumtetea. Ndiyo maana Shangazi alihama, na ndiyo maana kwetu jina lake halikutajwa, si kwamba alikuwa na shughuli nyingi kama tulivyokuambia.

Mama alikuwa na mikono kama yangu. Tuliulizwa na watu kama wachonga sanamu ndio waliomtengeneza.

Sijui nianzie wapi. Wewe ndiye unayejua kufungua vitu vilivyokwama.

Dada yako

17 Mei

Dada,

Tangu nirudi kutoka kwako sijapumzika, lakini ni uchovu mzuri. Nilipokuona pale mlangoni umekonda zaidi, nilitaka nikugawie hata paja moja. Afadhali ulicheka.

Nianze na mpwa wangu, najua barua hii utaisoma ukiruka mistari kulitafuta jina lake. Majibu ya damu aliyotoa nilipokuwa kwenu yametoka, daktari amenisomea kwa ruhusa yenu. Analo kosa lile. Herufi ile ile, mahali pale pale. Sasa vuta pumzi uendelee kusoma: damu yake bado ni safi. Sukari safi, mafuta safi, ini safi. Daktari anasema hii ndiyo tofauti kati yake na wewe, na kati yako na Mama. Yeye kajulikana kabla jambo lolote halijaharibika. Apunguze mafuta mezani, aendelee kukimbia, apimwe kila mwaka, na uwezekano ni mkubwa azeeke akitulalamikia. Nilimpigia mwenyewe huko kambini kwao kwenye mashindano, kama ulivyoniruhusu. Akasema kumbe hii miguu ni ya urithi, na yeye alikuwa akijisifu ni mazoezi. Halafu akaniuliza kama wewe utapona. Nikamwambia umeshaanza kunisema tena, dalili nzuri.

Na kweli umeanza. Vipimo vyako vya wiki hii nimeambiwa na wewe mwenyewe, kwa hiyo si siri: mafuta yameshuka kupita walivyotarajia. Daktari alivyofurahi alipanda lifti bila kuuliza kama nimeikagua.

Sasa Mama. Nilimsimulia daktari yote, viazi, mayai, beseni, wajomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa damu ya Mama haipo. Lakini wewe unayo herufi ile, Baba na mimi hatuna mwili wa namna hiyo, kwa hiyo kwa hakika kubwa ilitoka kwa Mama. Na maumivu uliyoyaeleza ni yale yale yaliyokulaza wewe. Nikamwuliza, je, vile viazi? Akasema damu ya Mama ilikuwa imejaa mafuta kwa miaka, mlo wowote ungeweza kuyaamsha maumivu yale, hata aliojipikia mwenyewe. Akasema, "Shangazi yenu hakumpa mtu sumu. Alimpa mtu chakula."

Nimempata Shangazi. Haikuwa kazi, hakujificha, ni sisi tulioacha kumtafuta. Binamu yake Baba, yule mwenye duka la baiskeli, anajua aliko. Anafua mashuka kwenye hoteli moja huko huko alikohamia, mwenyewe ni mkuu wa wafuaji sasa. Nilitaka kumwandikia, nikaona si haki. Mimi ninachomkumbukia ni jina tu. Wewe ulikuwapo.

Pipa

30 Mei

Shangazi yetu,

Shikamoo.

Anayekuandikia ni mtoto mkubwa wa kaka yako, yule mwembamba. Sasa ni mtu mzima, ni fundi cherehani, nina binti. Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaianza tena. Mdogo wangu anasema niseme jambo lenyewe kwanza, mapambo baadaye.

Jambo lenyewe ni hili. Hukumuua mama yetu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao unajaza mafuta kwenye damu huku mwili ukibaki mwembamba. Hakuujua, hakuna aliyeujua. Ugonjwa huo hushambulia kongosho, na mtu huumwa vile vile alivyoumwa Mama. Najua kwa sababu mimi ninao, na mwezi wa tatu nililala nikajikunja kama yeye, wala hapakuwa na mtu aliyenipikia chochote. Mimi nilitibiwa, nimepona, natumia dawa na chakula changu kimebadilika. Binti yangu, mkimbiaji wa shule yao, anao pia, ila bado mzima, na tunamlinda. Mdogo wangu, yule tuliyekuwa tunambeba kwa zamu kwa sababu ya uzito wake, na ambaye sasa hubebwa na watu sita, hana. Yeye ndiye mzima kuliko sote.

Nimewaendea wajomba wawili waliobaki, nikawasomea maneno ya daktari. Mmoja aliinuka akatoka nje. Mwingine aliniomba nikuandikie kwamba angependa kuja kwako, kama utamfungulia.

Sikuombi uje. Sijui kama tuna haki ya kuomba. Nilitaka tu habari hii ikufikie ukiwa hai.

Mtoto wa kaka yako

12 Juni

Wanangu wote wawili,

Marahaba. Barua yenu ilinikuta kwenye chumba cha pasi, nimezungukwa na wasichana ninaowasimamia. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Ya pili nikakalia bunda la mashuka safi, jambo ambalo ningemfukuza mtu kazi kwa kulifanya.

Mnasema mnaniletea habari kwamba sikumuua. Wanangu, wajomba zenu walinituhumu kwa mdomo, nikawakasirikia, na hasira ni fimbo, mtu anaweza kuiegemea akatembea. Lakini hakuna anayejua jambo hili, nawaambia ninyi. Mimi pia nilijishuku. Sikutia sumu, hilo nilijua. Lakini nilijiuliza labda mafuta yale yalikuwa yamekaa sana. Labda yai moja lilikuwa viza, labda sufuria sikuisuuza vizuri. Mama yenu alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu, ni mimi niliyemleta kwetu. Nimeiosha ile sufuria kichwani mwangu kila siku niliyoishi tangu pale. Ndiyo maana nilichagua kazi ya kufua. Na tangu siku ile sijampikia mtu mwingine. Hapa wananiona ni mchoyo.

Mjomba wenu aje. Mlango wangu hauna kosa naye. Lakini asije na maneno mengi, nimezeeka, aje tu akae.

Ninyi nitakuja kuwaona mwisho wa mwezi ujao, nimeshaomba likizo. Nataka kumwona huyo mkimbiaji, na nataka kumbeba mdogo wenu, ingawa nasikia sasa zamu itabidi iwe ya watu sita. Mkubwa, uniandikie unachoruhusiwa kula na usichoruhusiwa, kitu kwa kitu, nikielewe kabla sijafika. Nitapika mimi.

Msiogope, nimeshajaribu. Jana nilikwenda sokoni, nikanunua viazi na maharage na vitunguu, nikavipika bila mafuta, nikamwita jirani yangu, mjane wa mlango wa pili ambaye hajawahi kuonja kijiko changu. Alikula. Nilikaa mkabala naye nikamtazama kila tonge mpaka akamaliza. Akaniuliza mbona namtazama hivyo huku machozi yananitoka, na vitunguu vimeshaiva.

Nikamnyang'anya sahani, nikamwongezea.

Shangazi yenu